Mafundo Yetu Katika Matete ya Rukoko

Siku ile ndani ya matete ya Rukoko, kando ya mto Rusizi, tulikuwa hawa: Leokadia, mkubwa wetu, ambaye alikuwa dada mdogo wa mama mkwe wangu na ndiye aliyenifundisha kazi; Gaudensia, dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, mwanamke wa maneno mengi; Konsolata, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati yetu, alitoka ng'ambo ya barabara, kwa kabila lile jingine, na ninyi ambao wazazi wenu waliwasimulia mnajua wakati ule ng'ambo ya barabara ilikuwa na maana gani; na mimi, Venansia. Nje, kwenye njia ya magari, alikuwepo Sefu wa Buyenzi na baiskeli yake, aliyekuwa anatubebea mizigo mpaka mjini. Hao ndio waliokuwepo. Mtu mwingine akija kuwaambia na yeye alikuwepo, anawadanganya.

Nawaandikia ninyi, Diane mjukuu wangu na wenzako wa kilabu chenu cha kutembea maporini. Shule yangu ni kidogo, mwalimu Bonifasi alinifikisha mwaka wa tatu basi, lakini majina ninayashika, na hasira pia ninaishika, kwa hiyo mtanivumilia.

Jumapili iliyopita Diane alirudi kutoka Rusizi na tope mpaka magotini. Nikampa chakula, akawa anaongea mdomo umejaa.

"Bibi, tulilala mu hema. Tulijifunza kuwasha moto bila kiberiti. Tulijifunza kuchuja maji. Ilikuwa muzuri sana."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamuuliza kama waliona viboko. Akasema waliwasikia tu, na kijana mmoja alikimbia akaacha kiatu kimoja kwenye tope. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kisha akaendelea:

"Tulifunga vitambaa vyekundu kwenye matete, tusipotee. Na wakati wa kurudi, mutu wa mwisho anavitoa vyote, tusiache uchafu porini. Mi ndiye nilikuwa wa mwisho."

"Ulijuaje kama ni we wa mwisho?"

"Bibi na wewe. Nyuma yangu kulikuwa na nani?"

Nikaweka sahani yangu chini. Diane alifikiri nimeugua, akataka kunitafutia dawa. Sikuwa naumwa popote. Nilikasirika, na sasa ninapoandika bado nimekasirika, na nimeona afadhali niandike kuliko kumpigia kelele mtoto ambaye hajui alichosema.

Kazi yangu ilikuwa kukata matete. Tulikata ya kuzungushia viwanja, ya dari, na ya kujengea payoti, vile vibanda vya wazi ambavyo wakubwa wanajenga uani kwao ili wanywe bia kivulini. Mafunjo pia tulikata, ya kusukia mikeka. Mnunuzi wetu alikuwa Bwana Nasoro mwenye duka kule mtaa wa Asiatique, ambaye babu yake alitoka Omani akazikwa hapa hapa Bujumbura. Yeye alichukua kwetu akapeleka kwa wenye nyumba.

Nilianza baada ya mume wangu Anakleti kutorudi kutoka kazini. Nilikuwa nimekaa nyumbani Cibitoke na watoto, mlango umefungwa, nikisikiliza barabara. Leokadia akaja, hakunipa hata pole. Akasema, "Venansia, mlango hauleti chakula. Kesho chukua panga ya bwana yako, tuende."

Huyo ndiye Leokadia. Kila ninachojua cha pori alinifundisha yeye, na sijamsamehe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la miguu. Niliingia na ndara, ndara ikabaki kwenye tope, nikaendelea bila kitu. Na nilikuwa nakata matete kwa mshazari, kama mtu anavyokata muwa. Tete lililokatwa mshazari linabaki kwenye maji limechongoka, hulioni, linakungoja. Nilikanyaga langu mwenyewe, nililolikata asubuhi, likaingia chini ya wayo.

Leokadia alikuja akatazama damu, kisha akatazama visiki vyangu.

"We unakata matete ao unapanda mikuki?"

Gaudensia ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, akinung'unika njia nzima. "Kaka yangu alikuwa anasema umekonda, kumbe alikuwa ananidanganya. Uko nzito kama gunia ya mihogo ya mvua. Ukipona, we ndiye utanibeba mi, mpaka Kiriri, kwenye mulima."

Basi jifunzeni hilo: kata chini kabisa, kata sawa. Tete linaumiza wanaokuja nyuma yako kuliko wewe.

Mambo mengine niliyojifunza, nayaweka hapa kadiri yanavyonijia. Njia ya kiboko utaijua kwa sababu ina mgongo katikati na mifereji miwili pembeni, maana mnyama yule anatembea miguu imeachana kama mtu aliyevaa suruali iliyolowa. Ni njia pana, safi, inakuita. Asubuhi na jioni usiiguse, ndipo wanapopita. Jua likiwa kali wako majini, njia iko tupu, lakini hata hapo usisimame kati ya kiboko na maji, maana akishtuka atakimbilia kwake, na wewe utakuwa mlangoni. Mavi yake yakiwa na moto mkononi, rudi ulikotoka. Diane, usikunje uso, mkono unaoshwa.

Ndege wale wa manjano wanaofuma viota kwenye matete wanapiga kelele siku nzima kama wanawake sokoni. Wakinyamaza wote pamoja, na wewe nyamaza, simama, usiulize. Maji usiyanywe yaliyosimama: chimba shimo mbali kidogo na ukingo, acha yajae, yamwage, acha yajae tena, hayo ndiyo. Ndani ya matete huoni milima, si ya kwetu si ya Kongo, ni kijani tu na mbingu kidogo. Kwa hiyo tulitumia shavu. Lilowanishe: asubuhi upepo unatoka milimani, mchana unatoka ziwani. Shavu lililopoa, ndiko upepo unakotoka.

Moto tulikuwa hatuwashi upya. Tuliubeba kutoka nyumbani, kaa moja ndani ya kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwenye kopo lenye matundu. Gaudensia alikuwa analiweka kopo kichwani juu ya kitenge, moshi unapanda, na watu wa njiani wanamuuliza, "Mama, kichwa chako kinapika nini leo?" Naye anajibu, "Mawazo. Yakiiva nitawaita."

Na tulifurahi. Diane aliniuliza siku moja kama tulikuwa tunafurahia au tulikuwa tunateseka tu, kama vile mtu anachagua moja. Tulikuwa tunakamata kambare kwenye madimbwi yanayokauka, tunawatega kwa kikapu kilichotoboka chini, unakipigilia kwenye tope na kuingiza mkono kwa juu. Konsolata alikuwa hodari wa hilo kuliko sisi sote. Alikuwa haongei sana, anatoa samaki, anasema, "Huyu ni wa Gaudensia, ana mudomo kama wake," na anarudi kuinama. Tulikuwa tunawakausha juu ya moto wa mafunjo, tunakula tumekaa juu ya mizigo, na tunacheka. Mjini mtu alikuwa anashusha sauti hata ndani ya nyumba yake. Kule ndani ya matete tulikuwa tunacheka kwa sauti, na hakuna aliyeniuliza ninatoka kartiye gani, yaani mtaa gani. Inanikasirisha kwamba miaka ile ya uchafu ndiyo iliyonipa siku nzuri namna ile. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Konsolata aliletwa na Leokadia mwenyewe. Alikuwa anaishi na shangazi yake, Sesilia, kwenye chumba cha kukodi. Watu wa kwetu walinung'unika kwamba tunafanya kazi na mtu wa ng'ambo. Leokadia akawajibu kwamba matete hayaulizi, na kwamba aliye na panga kali kuliko Konsolata ajitokeze. Niliandika hapa kwamba sijamsamehe, lakini hilo pia lazima niliandike, ili msije mkadhani alikuwa mtu mbaya tangu asubuhi.

Sasa mafundo.

Matete ya Rukoko ni marefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mtu, na yanajifunga nyuma yako kama maji. Ukipita, hakuna anayejua umepita. Kwa hiyo tulipokuwa tunaingia, mtu wa mbele alikuwa anashika matete machache mabichi ya upande wa kushoto, anayapinda kimo cha kiuno, anayazungusha, na kuchomeka ncha ndani, kama mwanamke anavyofunga kilemba kwa haraka. Kisha anatembea kidogo, anafunga tena. Kutoka fundo moja lazima uone lingine. Kila kundi la wakataji lilikuwa na fundo lake. La wanawake wa Buterere lilikuwa limelala, la kwetu limesimama.

Na kulikuwa na sheria, ya Leokadia: wakati wa kutoka, mtu wa mwisho anafungua. Kila fundo. Matete yananyooka, njia inapotea. Kwa nini? Kwa sababu matete mazuri, yale manene ya rangi ya asali, hayako kila mahali. Ukiacha mafundo, kesho asubuhi kundi lingine linafuata mpaka shambani kwako, unakuta visiki. Leokadia alikuwa na mahali pake ndani kabisa, palipoinuka kidogo, na alipalinda kama mtu anavyolinda sanduku la nguo za harusi. Niliwahi kusahau fundo moja karibu na barabara. Alinirudisha peke yangu nikalifungue, mvua inanyesha, na yeye amesimama anaangalia.

Sheria ya pili ilikuwa hii, nayo ni yake vilevile: ukiwa ndani na huoni mafundo, kaa chini. Usitafute njia. Mtu anayetafuta njia kwenye matete anazunguka mpaka anakutana na mamba. Kaa, gonga panga kwenye tete, mara mbili mara mbili, na ungoje. Tutakuja kukuchukua. Alimwambia hivyo kila mmoja wetu siku yake ya kwanza, kidole kikiwa usoni. "Tutakuja." Mimi aliniambia. Konsolata alimwambia mbele yangu.

Vita ilikuwa na umri wa mtoto anayeanza shule. Wiki ile bunduki zilikuwa zinalia upande wa mto, wapiganaji walikuwa wanalala humo humo kwenye matete, na askari walikuwa wanawatafuta. Sisi tulikuwa tumepumzika nyumbani. Kisha Bwana Nasoro akatuma ujumbe: kuna mtu wa Kiriri, kule mlimani kwa wakubwa, anamwozesha binti yake, anataka payoti mpya kwa ajili ya wageni, na anataka matete manene, si yale ya pembeni. Harusi iko karibu.

Tulikusanyika kwa Leokadia. Nakumbuka maneno.

Mimi nilisema, "Anataka kivuli. Akae chini ya paa la nyumba yake, ni pana inatosha."

Gaudensia akasema, "Ao avae kofia."

Leokadia hakucheka. "Tukikataa, Nasoro ataita wale wa Buterere. Na atawaita tena siku ingine, na ingine. Nyinyi mutakula vichekesho vya Gaudensia?"

"Konsolata, unasema nini?" nikamuuliza.

Alikuwa ananoa panga lake. "Kama ni manene, ni kule ndani. Tuingie mapema, tutoke mapema. Kuongea kunatukawisha."

Basi tukaenda. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja, kijana mwenye sauti nzuri, alituambia, "Wamama, mukisikia mulio, mutoke mbio. Tukishafunga bariyeri, hapiti mutu." Sefu akabaki na baiskeli pale njia ya magari inapokaribia maji. Sisi tukaingia, Leokadia mbele akifunga mafundo.

Tulikata vizuri. Tulikuwa tumeshatoa mizigo mara moja mpaka kwa Sefu, tukarudi kwa mzunguko wa pili. Konsolata akasema ameona manene zaidi nyuma ya kile kiinuko, akasogea huko. Hakuwa mbali. Nilikuwa nasikia panga lake.

Ndege wakanyamaza. Halafu mlio, si wa bunduki ndogo, ule unaotikisa maji. Halafu mwingine, karibu zaidi.

Leokadia akapiga kelele, "Tutoke!" na akatoka. Mimi nikamfuata na mzigo wangu kichwani, sikuutupa, mwili ulikuwa umezoea. Nyuma yangu Gaudensia. Na Gaudensia, akiwa anakimbia, akiwa na mzigo, akiwa analia kwa hofu, alikuwa anafungua mafundo. Mkono wake wa kulia ulikuwa unafanya kazi wenyewe. Fundo, vuta, achia. Fundo, vuta, achia. Miaka yote ya Leokadia ilikuwa ndani ya mkono ule.

Tukafika barabarani. Nikageuka.

"Konsolata iko wapi?"

Gaudensia akasema, "Haiko mbele yako?"

"Mbele yangu kulikuwa Leokadia."

Akatazama mkono wake. Kwenye vidole kulikuwa na vipande vya majani ya kijani. Akasema polepole, kama anasoma, "Mi nimefungua."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Njia ilikuwa haipo. Mtu alikuwa ndani. Na Leokadia akasema, "Atatoka yeye mwenyewe, ni mutu mukubwa. Tupakize kwanza. Bariyeri inafungwa."

Nikamwambia, "Ulimwambia akae."

"Tupakize."

"Leokadia, ulimwambia akae. Atakaa. Unajua kama atakaa."

"Na mi nina watoto tano nyumbani. Nani atawaambia wao wakae? Sefu, leta kamba."

Sefu alikuwa ameshika kamba, ananitazama mimi, anamtazama yeye. Na mizigo ikafungwa. Mtu alikuwa amekaa ndani ya matete anagonga panga mara mbili mara mbili, akisubiri watu waliomwahidi, na sisi tulikuwa barabarani tukibishana, na kamba inapitishwa chini, inapitishwa juu, inakazwa kwa mguu, kwa sababu mtu wa Kiriri anataka kivuli. Nilimshika Leokadia kitenge, akanisukuma. Maneno niliyomwambia siyaandiki, Diane atayasoma. Lakini yalichukua muda, hayo maneno na hiyo kamba. Baadaye niliona kwamba ulikuwa muda mrefu kwa mtu aliyekaa.

Leokadia na Sefu wakaondoka na baiskeli. Mimi na Gaudensia tukarudi ndani.

Mtaniuliza tulipitaje, mafundo yakiwa yamefunguliwa. Tete lililopindwa likaachiwa linasimama tena, lakini ngozi yake inabaki na mkunjo, mstari mweupe, na pale penye mkunjo linatoa maji kidogo, linanata. Huoni kwa macho ukiwa na haraka. Unapitisha vidole kimo cha kiuno, tete kwa tete, upande wa kushoto. Gaudensia akatangulia, maana mkono wake ndio ulijua ulikofungua. Kila alipopata mkunjo alifunga upya. Milio ilikuwa inaendelea upande wa mto. Hatukuweza kuita, ila tuligonga panga kwenye tete, mara mbili, tukasikiliza. Tukagonga, tukasikiliza.

Tulifika. Mzigo wake ulikuwa umesimamishwa, umefungwa juu na chini, vizuri kama alivyokuwa anafunga siku zote. Pembeni, matete yalikuwa yamelala, yamebonyezwa mpaka kwenye tope, mahali pa mtu aliyekaa, akabadilisha mguu, akakaa tena. Kulikuwa na msuko wa majani aliousuka akiwa anangoja, mrefu kuliko mkono wangu. Kwenye tete moja kulikuwa na alama za panga, mbili mbili, nyingi, mpaka ngozi ya tete imetoka.

Alikaa. Alifanya kama alivyofundishwa. Halafu aliinuka.

Nyayo zake zilikwenda mpaka njia ya kiboko, zikageukia upande wa mto. Jua lilikuwa kichwani, viboko majini, kwa hiyo alichagua vizuri, alichagua kama mtu anayejua. Tulifuata mpaka tukaona maji yanang'aa na masikio ya viboko yanapepea juu yake. Nyayo ziliingia kwenye tope la ukingo, na tope la ukingo halishiki alama. Gaudensia aligonga panga mpaka nikamshika mkono.

Tuliporudi aliuchukua mzigo wa Konsolata, akauweka kichwani. Nikamuuliza wa nini. Akasema hauachi. Tukatoka nao. Bariyeri ilikuwa imefungwa kweli, tukakaa kando ya njia mpaka ilipofunguliwa kesho yake.

Mzigo ule ulikuwa uani kwangu. Leokadia alimtuma Sefu auchukue nikiwa sipo, ukaunganishwa na mingine. Niliujua tena kule Kiriri, tulipopanda kupeleka, kwa jinsi ulivyofungwa. Mama mwenye nyumba alipita katikati ya mizigo, akauinamia huo huo. "Haya ndiyo matete," akasema. "Kwa nini hamkuleta yote namna hii?" Nilifungua mdomo, Bwana Nasoro akanikanyaga mguu. Payoti ikajengwa. Sijui walikunywa nini ndani yake.

Nilikwenda kwa Sesilia, shangazi yake. Nilimkuta amekaa na majirani, akanisikiliza mpaka mwisho, hakulia wala hakunifukuza. Akauliza jambo moja tu: alikwenda upande gani? Nikasema upande wa mto. Wiki iliyofuata chumba chake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, vyungu vimeondolewa, hakuaga mtu. Hakukuwa na matanga. Mwanamke aliyefiwa na mtoto wa kaka yake hafungi kufuli na kuondoka na vyungu. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na watu wengi wa pande zote walikuwa wamekimbilia Uvira. Hilo ndilo ninalolishika, kwamba alivuka.

Watu wa ng'ambo walisema Gaudensia alifungua makusudi, kwa sababu Konsolata hakuwa wa upande wetu. Na wapo wa kwetu, huko Cibitoke, waliosema vilevile, tena wakimpongeza. Hao niliwachukia zaidi. Mmoja alikuja kumpa mkono, jina lake Deogratiasi, fundi wa milango, na Gaudensia alimwagia maji ya kuoshea vyombo. Hakurudi tena kwenye matete. Anauza mandazi mpaka leo, na ameniruhusu nitaje jina lake. Alisema, "Andika. Lakini uandike kwamba nilikuwa nakimbia."

Leokadia nilimfuata nyumbani kwake mara moja. Nikamuuliza kama aliposema "tutakuja" alikuwa anamaanisha nani. Akajibu, "Mulitaka nife na yeye?" Nikasema hapana, nilitaka usifunge kamba. Hatukuongea tena. Alipokufa nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma, sikula chakula cha pale. Mkiniona mgumu, sawa.

Baada ya pale nilikata matete miaka mingine mingi, na Sefu, na wanawake wa Buterere. Mafundo yangu sikuyafungua tena. Wakataji wengine walinifuata, wakakata mahali pangu pazuri, pakaisha. Walisema huo ni ujinga. Nilitafuta mahali pengine.

Kwa hiyo, Diane na wenzako. Endeni porini, sitawazuia, pori si la vita peke yake. Vitambaa vyenu vyekundu fungeni. Mwambieni kiongozi wenu kwamba Bibi Venansia amesema havitolewi kwa sababu mtu anafikiri yeye ni wa mwisho. Mtoke wote, msimame barabarani, muitane majina, kila mmoja aitike kwa mdomo wake na mumwone uso. Ndipo wawili warudi kuvitoa. Na mkimwambia mtu "kaa, tutakuja", basi hakuna mzigo, hakuna kamba, hakuna harusi ya mtu. Mnageuka hapo hapo, au msimwambie kabisa.

Nimemaliza. Gaudensia anasema baiskeli ya Sefu siku ile haikuwa yake, aliiazima kwa kaka yake; mimi sikumbuki hivyo. Inawezekana nimechanganya maneno ya yule askari wa bariyeri. Sefu, kama unasomewa haya, na ninyi wanawake wa Buterere mliobaki, mkiona nimekosea mje mnisahihishe, nitafuta niandike upya. Na wewe Konsolata, kama uko Uvira au kokote, unisahihishe kabla yao wote. Nimeandika kwamba ulikaa kutungoja, kwa sababu nililiona hilo kwa macho yangu. Muda uliokaa sikuuandika, wala ulichosema moyoni ulipoinuka. Hivyo sivijui. Njoo uniambie.